LORI LA JIRANI NA POSHO YA DEREVA WETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kericho)

Ndugu wanachama, madereva, wachuma majani na wa viwandani,

Tumeitana kwa sababu ya swali linalosemwa sana kutoka Bomet na Sotik mpaka hapa: malori ya nchi jirani yaruhusiwe kubeba chai yetu, au yazuiwe? Wengine husema madereva wake wafukuzwe tu. Sisi tunasema, tuangalie kwanza kabla ya kushika fimbo.

Shauri lenyewe ni hili. Bidhaa hushuka melini Mombasa na kupandishwa bara, Uganda, Rwanda na Kongo. Malori mengi hupita Nakuru, Kericho na Kisumu kwenda Busia. Wakati wa kurudi pwani, mengi hayana mzigo. Chai yetu nayo inatakiwa Mombasa. Basi lori la jirani linaloteremka tupu linaweza kuibeba kwa bei ndogo, maana mwenyewe amekwisha lipwa safari ya kwenda. Dereva wa hapa hupoteza safari, na safari ndiyo posho yake.

Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania, zilipotia sahihi mkataba wa barabara Arusha mwaka 2001, zilikubali lori livuke mpaka na mzigo wake, lakini lisibebe mizigo ya ndani ya nchi ya mwenzake, ila kwa ruhusa maalum. Soko la pamoja lilipoanza tarehe 1 Julai 2010, halikuanza ili tajiri atafute mtu wa kumlipa kidogo zaidi.

Lakini, ndugu, kulinda mzigo ni jambo moja na kumchukia dereva ni jingine. Mnada wa chai, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, huuza pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Chai hiyo huvuka mpaka, na wingi wake huwavuta wanunuzi wanaonunua na yetu.

Tena madereva wetu nao ni wageni wakivuka. Mei 2020, wakati wa korona, walikwama Namanga na Malaba, wakalala ndani ya malori. Mwezi huo huo madereva wa Tanzania waligombana na amri ya Rwanda ya kubadilisha madereva pale Rusumo. Kila upande ulimwogopa dereva wa upande wa pili. Wenye malori walilala kwao.

Na sisi wa Kericho tunajua uzito wa neno "mgeni". Wazee wetu wengi walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi kuja kuchuma chai. Mwanzoni mwa 2008 wafanyakazi wengi walikimbia mashamba kwa kuitwa wageni. Neno hilo likianza kwa dereva, haliishii kwake.

Kwa hiyo tunawaomba mkubali mambo haya:

1. Sheria ya mizigo ya ndani ishikwe, na aulizwe mwenye lori na mwenye mzigo, siyo dereva peke yake.

2. Dereva yeyote afanyaye kazi katika barabara zetu apate mapumziko na malipo yasiyopungua ya wenyeji. Lori lake lisizidi tani 56, kama ilivyo katika sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013, na breki zake ziwe nzima. Mteremko wa Londiani hauulizi pasi.

3. Tuandikiane na vyama vya madereva vya nchi jirani, ili tajiri akikataa malipo ya huyu asimpate yule wa kukubali kidogo.

Mwanachama akiona lori la nje likipakia chai ya kwenda Mombasa, asirushe jiwe. Aandike nambari, siku na mahali, alete ofisini kwa tawi. Jiwe humpiga dereva, na mwenye lori halimfikii. Karatasi humfikia.

Umoja ni nguvu.