Wavu Usiochagua

Somo letu ni Mwanzo sura ya 18, kuanzia mstari wa 22.

Wavuvi wa Dunga, hapa Kisumu, wanaijua sheria ya ziwa. Wavu wa kukokota hadi ufuoni umekatazwa, kwa sababu huzoa mbuta na sato wakubwa pamoja na samaki wachanga. Kosa lake ni kutochagua. Anayekamatwa nao hujitetea kwamba watoto wake wana njaa. Ni neno zito, wala simcheki. Lakini wavu huchukuliwa ukachomwa moto.

Swali la namna hiyo lilifika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ingawa si juu ya samaki. Umoja wa Mataifa uliuliza kama ni halali kutumia silaha za nyuklia, au kutishia kuzitumia. Tarehe 8 Julai 1996 majaji walijibu. Walikumbusha kwamba sheria ya vita humtaka mpiganaji atenge askari na raia, wakasema kwamba kwa jumla kutumia silaha hizo ni kinyume cha sheria. Ila taifa likiwa karibu kuangamia kabisa, hawakuweza kukata shauri. Kura zilikuwa saba kwa saba, na kura ya Rais wa mahakama ndiyo iliyopitisha maneno hayo.

Mimi si mwanasheria. Lakini naona mvuvi alinyimwa utetezi ambao wenye mabomu wameachiwa.

Ibrahimu alisimama mbele za Mungu akauliza kama wema wataangamizwa pamoja na wabaya. Alianza na watu hamsini akashuka hadi kumi, na kila mara Mungu alimsikiliza. Ikiwa Mungu alikubali kuulizwa, serikali ni nani zisiulizwe? Huko Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, siku ambayo sisi Waanglikana huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana, watoto wa shule walikuwa mjini. Nani aliwahesabu?

Majaji wote walikubaliana neno moja: mataifa yana wajibu wa kujadiliana kwa nia njema mpaka silaha hizo ziondolewe. Afrika ilikwisha kutia sahihi Mkataba wa Pelindaba mwezi Aprili mwaka huo huo, ukaanza kutumika 2009. Wenye mabomu bado wanayo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemvumilia Ibrahimu alipokusihi, uwape watawala wa mataifa masikio ya kusikia. Na wavuvi wetu walioko majini usiku huu, uwalinde. Amina.