Mti Mkuu Ukianguka: Tusomeje Shairi la Msiba?



Leo tuzungumze juu ya mashairi ya maombolezo, yale yanayotungwa anapofariki kiongozi. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, nchi nzima ililia, na washairi walilia kwa kalamu. Katika mashairi ya namna hii marehemu huitwa mti, taa, nahodha au baba. Msomaji mpya anaweza kuuliza: mbona mtu kaitwa mti? Mshairi kadanganya?

Hapana. Hiyo ni sitiari, yaani kumwita mtu kwa jina la kitu anachofanana nacho kwa jambo fulani. Tukikutana nayo tujiulize maswali matatu. Kitu hicho kina kazi gani? Marehemu anafanana nacho kwa lipi? Kikiondoka, kazi yake ataifanya nani?

Tuanze na mti. Methali yasema: Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Hapa kwetu Tabora tunaijua miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Msafiri alipumzika kivulini akala embe, na mti hakuupanda yeye. Basi kiongozi akiitwa mwembe, maana yake watu walipata kwake kivuli na chakula. Ukianguka, jua linatuchoma. Lakini embe lina kokwa. Aliyeielewa sitiari hii halii tu, anapanda.

Tuchukue mfano mwingine: kirangozi. Wazee wetu Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani, kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya wapagazi. Shairi likisema kirangozi ameanguka, tunaelewa kwamba mizigo bado ipo mabegani mwetu, na mwingine lazima atangulie. Ila tusisahau, jamani, njia ileile ilipitisha watumwa. Kwa hiyo tuulize pia: msafara huu unakwenda wapi, na sisi tumekubali?

Na neno baba je? Lina upendo na heshima, nasi tunamwita Mwalimu Baba wa Taifa. Lakini tuwe macho. Kiongozi akiwa baba, sisi tunakuwa watoto, na mtoto hungoja kupewa. Mtu mzima huuliza mkutanoni fedha za kijiji zimetumikaje. Tumlilie baba, lakini tusibaki watoto.

Sasa hili jina la Mwalimu. Kwanza halikuwa sitiari. Alifundisha kweli hapa Tabora, shule ya St. Mary's, tangu 1946 mpaka 1949 alipokwenda Uingereza kusoma. Baadaye taifa zima likawa darasa lake. Ndiye aliyeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na kazi ya mwalimu ni nini? Ni kumfikisha mwanafunzi mahali pa kusoma bila yeye. Basi kila tunaposoma wenyewe barua, risiti ya pamba au tangazo la kijiji, swali la tatu tumelijibu.

Mkipata shairi la msiba, msome kwa sauti. Pigeni mstari chini ya jina alilopewa marehemu, kisha mwulizane maswali yale matatu. Machozi yatakauka, kazi itabaki.

Elimu haina mwisho.