Mdomo wa Chombo cha Maziwa

Msikilizaji wa Nyegezi, duka la maziwa la zamani lilikuwa na keni ya alumini, kopo la kupimia na kitambaa cha kuchujia. Tusilitamani kwa mazoea tu. Ubora wake ulikuwa kwenye mdomo wa keni. Ni mpana: mkono unaingia hadi chini, brashi inasugua, jua linafika. Lakini dumu linalobebea maziwa leo, lililokuwa la mafuta ya kula, lina shingo nyembamba, na utando wa maziwa hunata kwenye pembe, bakteria wakisubiri maziwa ya kesho.

Muuzaji atasema dumu halimwagiki kwenye bodaboda. Kweli, na bei ya keni si mchezo. Lakini maziwa yakikatika jikoni, hasara ni ya nani? Mwingine atasema laktomita inatosha. Hapana: hiyo hukamata maji yaliyoongezwa, haioni vijidudu vya brusela, vile vinavyotupisha ng'ombe mimba. Wala kugandisha mtindi hakuviui kwa uhakika. Kiwandani hutosha kuyapasha maziwa joto la nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15; jikoni hatuna kipimajoto, kwa hiyo hata maziwa ya keni safi yachemshwe hadi yapande, ndipo yagandishwe.