Faida ya Kilabu Huingia Mfuko wa Nani?

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila msimu wa mavuno ufikapo, kilabu cha pombe hujaa. Wako waendao kukata kiu baada ya kazi, wako waendao kusikia habari za kijiji, na wako waendao kulipa deni la miezi iliyopita. Si haki kukibeza kilabu. Ni baraza la watu, na kwa akina mama wengi wapikao pombe, pipa moja ndilo ada ya shule ya mtoto. Mhubiri huuliza mtu amekunywa kiasi gani. Mwanaushirika hana budi kuuliza jambo jingine: fedha ile imeingia mfuko wa nani, na ni nani aliyeliona daftari?

Swali hili lina historia ndefu. Katika Uingereza ya karne ya 19, wafanyakazi wengi walilipwa mishahara yao ndani ya baa. Mara nyingi msimamizi wa kazi na mwenye baa walikuwa watu wa shauri moja. Mfanyakazi alisubiri malipo, na katika kusubiri alikunywa kwa deni, hata alipoitwa jina lake sehemu ya mshahara ilikwisha kuwa mali ya mwingine. Mwaka 1842 Bunge lilikataza wachimbaji wa migodini kulipwa katika baa, na mwaka 1883 sheria nyingine ikawakinga wafanyakazi wengine wa mikono. Sheria hizo hazikukataza mtu kunywa. Zilitenganisha meza ya mlipaji na kaunta ya muuzaji.

Kati ya miaka hiyo, mwaka 1844, watu 28 wa mji wa Rochdale walianzisha chama chao mashuhuri cha ushirika. Katika madhumuni waliyoyaandika, pamoja na duka, nyumba na mashamba, waliweka pia kufungua hoteli isiyouza pombe. Fundisho lake lingali zima. Mtu hafuati pombe peke yake; hufuata benchi, kivuli na wenzake. Kijiji kisicho na mahali pengine pa kukaa jioni kimekwisha kuwachagulia watu wake pa kwenda.

Upo na mfano wa kuogofya. Mwaka 1908 koloni la Natal, Afrika Kusini, lilitunga sheria iliyoruhusu manispaa kuhodhi upishi na uuzaji wa bia ya Kiafrika. Mji wa Durban ukaitumia mara moja. Wanawake waliokuwa wakipika nyumbani wakageuzwa wahalifu, na faida ikaendesha idara ile ile iliyowatawala na kuwabana Waafrika mjini. Mnywaji alilipia pingu zake mwenyewe. Nairobi nayo ilifuata mfano huo katika miaka ya 1920. Lakini watu hawakukaa kimya. Mwaka 1929 Waafrika wa Durban waligomea vilabu vya manispaa. Mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor waliviingia kwa fimbo na kuwatoa wanywaji nje. Na mwaka 1976 vijana wa Soweto walipoinuka, vilabu vya serikali vilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kuchomwa moto.

Dhidi ya mfano huo, kiko kijiji kidogo cha Hesket Newmarket, kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1999 ushirika ulinunua kiwanda kidogo cha bia cha hapo, na mwaka 2003 baa ya kijiji, The Old Crown, ikanunuliwa na ushirika wa watu zaidi ya 100 ili isiangukie mikononi mwa wageni. Bia ni bia, Durban na Hesket Newmarket. Kilichotofautiana ni mwenye mali na msomaji wa hesabu.

Basi chama cha msingi kifanye nini? Huko Kagera butura inajulikana: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Deni la kilabu laweza kuwa mlango wa shida hiyo. Siku ya mizani gunia hupimwa kwa jina la mkulima, na jioni fedha iko kwa mdai. Mke aliyepalilia na kuchuma hubaki akiuliza zimekwenda wapi.

Kwa hiyo siku ya malipo itangazwe mapema, ili nyumba nzima iijue. Malipo ya mkononi yafanyike asubuhi, ofisini au ghalani, mbali na kilabu. Yanapopita benki au simu, kila mwanachama apewe stakabadhi inayoonyesha kilo, bei na makato. Katibu asimkabidhi mdai fedha ya mwanachama kwa kikaratasi cha deni la pombe. Chama chenye uwezo kianzishe akiba na mikopo midogo kwa miezi ya njaa, kwani hapo ndipo butura huzaliwa. Na chama kitakacho kumiliki kilabu au mgahawa kipeleke shauri hilo kwenye mkutano mkuu, kiwasikilize kwanza akina mama wapishi ambao riziki yao iko humo, na hesabu zake ziandikwe katika daftari la peke yake.

Wanachama wataendelea kunywa, na wengine wataendelea kukataa; hilo ni la kila mtu. La chama ni kuona kwamba jasho la msimu mzima linafika nyumbani likiwa limehesabiwa. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.