Mwenye kuuliza "hiyo ni nini?" asichekwe

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Mulongwe na Kavimvira, Uvira, Julai 2025. Tunayaweka hapa kwa wale hawakufika.

Wandugu, wadada, yaya zetu mulioacha kazi ya asubuhi mukakuja, asanteni. Tulisema saa tatu, sasa ni saa ine na nusu. Tunajijua. Tuanze.

Leo hatutasema juu ya maji, wala barabara, wala daraja. Hayo tutarudia, hayaendi mahali. Leo tunasema juu ya kitu kinachoonekana kama mchezo: kutojua. Siyo kutojua kwa masomo, hapana. Wengi hapa tuko na diploma, wengine lisansi, na iko inalala ndani ya plastiki chini ya godoro. Tunasema kutojua wimbo gani unachezwa sasa, nani huyo wanamucheka ku TikTok, maana ya kile kialama mu WhatsApp, neno gani jipya vijana wanasema.

Munajua vile inaendaka. Mumekaa watano pa kona, simu ni moja. Mtu anataja jina fulani, wane wanacheka. Wa tano naye anacheka. Hajui amecheka nini. Lakini akiuliza, tutamwita mushamba, tutamwambia ashuke kwanza kutoka milimani. Basi anacheka, anarudi nyumbani na kicheko ambacho hakikuwa chake.

Na hapa Uvira, nani hana tundu? Tuseme ukweli. Tuko mji ambao unapokea muziki kutoka pande tatu. Kinshasa inatuletea Lingala. Bujumbura iko hapo, ng'ambo tu ya mpaka, tunasikia redio zao. Na kutoka Kigoma, Bongo Flava ilivuka ziwa zamani, pamoja na mitumbwi ya bidhaa inayofika Kalundu. Hakuna mtu mmoja amebeba zote tatu. Tuko na ndugu zetu waliokulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wakarudishwa na wazazi kwa mashua. Hao wanakuimbia Diamond kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, lakini umwambie habari ya Koffi Olomide, anakuangalia tu. Tuko na wengine walisoma Kinshasa, wanajua kila ndombolo, lakini Kiswahili cha Zuchu kinawapita juu ya kichwa. Na yule ameshuka juzi kutoka Hauts Plateaux juu ya vita, anajua nyimbo za kanisa lake na za ng'ombe, na hizo hakuna hata mmoja wetu hapa anazijua. Kwa nini tundu lake ni ujinga, na letu siyo?

Wanamuziki wenyewe walishaona hilo mbele yetu. 2019 Diamond aliimba na Fally Ipupa. Mwaka uleule akaingia mu "Yope" ya Innoss'B, mtoto wa Goma. 2020 akaimba na Koffi. Lingala na Kiswahili ndani ya wimbo mmoja, na sisi wa mashariki, kwa mara moja, tulisikia pande zote mbili bila kuomba tafsiri. Ni biashara, ndiyo, hatukatai. Lakini waliuza kwa kushona tundu, hawakuuza kwa kulicheka.

Sasa tuje mahali inauma.

Munakumbuka Februari ya mwaka huu. Goma ilianguka mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Hapa kwetu watu walianza kwenda. Wengine walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine walipanda mashua kwenda Kalemie. Usiku milio ya risasi, na hujui ni nani anapiga nani. Mwanzo wa mwezi ule X na TikTok zilikuwa zimezuiwa nchini, ilibaki WhatsApp na mdomo wa jirani.

Ndani ya grupe moja ya kartie ikaingia audio. Hatutaji kartie, hatutaji mtu. Mwanaume anapiga kelele kwa Lingala, nyuma yake watu wengi wanalia ama wanaimba, huwezi kutofautisha, na vitu vinapasuka. Neno moja lilikuwa linasikika wazi: Vita! Vita! Vita! Dakika kumi, audio ikawa imefika kila mahali. Mama mmoja muuza ndagala akafunga mzigo. Watoto wakavalishwa viatu.

Mtoto wa kike mmoja ndani ya grupe ile akaandika: "Bayaya, huyu baba anasema nini? Sisikiake Lingala." Mulijibu nini? Vicheko. Vichwa vya manjano vinavyolia kwa kucheka, mustari mzima. Mmoja akamwandikia: batu banakufa, wewe unauliza tafsiri.

Aliyejibu vizuri alikuwa kijana mmoja wa mpira. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengine hawakufanya, akaandika: hii ni V.Club. Ni wafuasi wa AS Vita Club ya Kinshasa, wanafurahia bao, na mechi yenyewe ni ya zamani. Vita ni jina la timu yao. Timu iliyochukua kombe la Afrika 1973, wazazi wetu wengine hawajazaliwa.

Sawa, leo tunaweza kucheka. Lakini angalieni vile ilijengwa. Wale hawajui Lingala walishika neno moja tu wanalolijua, na kwa Kiswahili neno lile ni vita. Wale hawajui mpira hawakuweza kujua jina la timu. Wale wanaojua vyote viwili, na lazima walikuwepo, mji huu una wapenzi wa V.Club, hawakusikiliza mpaka mwisho. Na mmoja tu aliyekubali kusema "sijui" alifungwa mdomo na sisi, vijana wenye mega. Uongo ule haukuletwa na adui. Uliletwa na haya. Mtu aliona aibu kuuliza, akaona afadhali kutuma.

Watu watasema: basi kila mtu ajifunze, ajue mambo ya mitandao. Ni rahisi kusema. Kujua hivi vitu kuna bei. Nani yuko na umeme siku nzima? Nani ananunua mega kila asubuhi? Yaya anayeuza bitumbula anachagua kati ya inite na unga, na anachagua unga, na ana haki. Nchi hii yenyewe ilitufundisha kukaa gizani. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, meseji za simu zilikatwa. Januari 2015, wakati watu walikuwa barabarani juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikakatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya kupiga kura, ikakatwa tena, karibu wiki tatu. Halafu 2020 wakatuletea RAM, ile kodi ya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G, inakatwa moja kwa moja ndani ya inite yako. Watu walilia, walitembea, mpaka ikaondolewa 2022. Kwa hiyo mtu akiwa na tundu la wiki tatu hapa, la mwezi pale, tundu hilo lina tarehe na lina wenyewe. Haikuwa uvivu wake.

Na hata yule ako na mega za kutosha, anajua nini? TikTok haikuonyeshi kile "watu wote" wanaangalia. Inaangalia wewe umesimama wapi, umerudia nini, umeruka nini, halafu inakupikia chungu chako peke yako. Mimi na jirani tumelala ukuta kwa ukuta, na simu zetu ziko miji miwili. Kwa hiyo ukisema "kila mtu anajua huyu jamaa", unasema tu: simu yangu inamjua. Tukielewa hilo, hata kicheko kinapungua chenyewe.

Kuna kipande kingine, na hiki tunaomba mutulie kidogo.

Lingala ya mpira ilitupa hofu ya usiku mmoja. Lakini kuna audio na video zinazokuja kwa Kinyamulenge, kwa Kirundi, kwa Kifuliiru, kwa Kibembe, na mtu ameandika chini kwa Kiswahili kile anataka uamini kimesemwa. Wewe huelewi lugha ile. Unasoma yale maandishi, damu inapanda, unatuma. Ulishauliza mwenye lugha? Yuko hapo, mulisoma naye, munachota maji pamoja. Unaogopa kumuuliza, juu ataona umefungua ile video. Ama unaogopa wenzako watasema uko rafiki ya nani.

Na picha ya maiti haina jina. Yule anayeandika chini yake njo anaipa kabila. Sisi wa pwani hii hatuhitaji mtu wa mbali atufundishe kifo. Makobola, mwisho wa Desemba 1998. Gatumba, ng'ambo tu hapa, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa kwetu zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge. Wengi wetu hapa tulikuwa hatujazaliwa ama tulikuwa watoto wa kubebwa. Nyumba moja inataja Makobola peke yake, nyumba ya jirani inataja Gatumba peke yake, na kila nyumba ina tundu mahali jirani ana kaburi. Mtu mwenye nia mbaya na simu ya dola arobaini anajua mahali tundu hilo liko. Anaweka picha pale pale.

Tulitaka kuwapa mfano wa mahali walifanya kinyume. Kenya, Juni 2024. Vijana walipinga Mswada wa Fedha. Mswada wenyewe ni makaratasi mengi, Kiingereza kigumu cha wanasheria, na vijana wengi hawakuelewa. Hawakucheka wasioelewa. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kipande kwa kipande kwa video fupi TikTok, mmoja akatengeneza hata programu ya akili bandia, unaiuliza swali juu ya mswada, inakujibu. Wakakaa usiku ku X wakisikilizana kwa sauti. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, tarehe 26 rais akakataa kuutia sahihi. Walikufa watu wengi, na hilo hatulipambi maua. Tunachotaka mushike ni kile cha mwanzo: mtu aliuliza, akajibiwa.

Sisi tunaweza kuanza na vidogo. WhatsApp inaweka mishale miwili juu ya ujumbe ambao umepita mikono mitano ama zaidi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unaruhusiwa kuupeleka mahali pamoja tu kwa mara moja. Wengi munaona ile mishale, hamujui inasema nini. Inasema: huyu aliyekutumia hakuwa pale, na aliyemtumia hakuwa pale. Picha nayo unaweza kuirudisha ku Google, ukauliza imeonekana wapi mbele. Mukiletewa picha ya Mulongwe imejaa maji, nyumba zinabebwa, kabla ya kulia mutazame kama siyo Aprili 2020, ile mafuriko iliyotuua. Inakula mega kidogo, ndiyo, tunajua. Tushirikiane: mwenye mega akague, asiye nayo aulize.

Na audio, jamani, musikilize mpaka mwisho. Yule kijana wa mpira hakuwa na elimu kubwa kutupita. Alikuwa na subira ya dakika mbili.

Mambo mawili ya kumaliza. Kwanza, ndani ya grupe zetu zote za kartie, tangu leo, mwenye kuandika "hii ni nini?" ama "anasema nini?" hajibiwi na kicheko. Akichekwa, mwenye grupe amtoe aliyecheka kwa siku moja, akapumzike. Tumelisema na wenye grupe wa Kavimvira na Kasenga, wamekubali, wa Kalundu bado wanajadiliana.

Pili, Jumamosi tunakutana tena hapa, saa tatu, na saa tatu ni saa tatu. Tunatafuta watu wa kusikiliza audio kwa ajili ya wengine: wawili wa Lingala, wawili wa Kirundi, na angalau mmoja mmoja wa Kinyamulenge, Kifuliiru, Kivira na Kibembe. Hatulipi, hatuna. Yule mtoto wa kike wa ile grupe amekubali kuandika majina, yuko pale nyuma na daftari. Mushaji simu kabla ya kuja, hapa hakuna umeme.