Hotuba ya Karani Juu ya Mabomba ya Maji



Katika mkutano uliopita sisi wa kamati tulipendekeza linunuliwe bomba la inchi moja, kuanzia tangini hadi nyumba ya mwisho, ili kuhifadhi fedha za chama. Leo twasimama mbele yenu kukiri kwamba shauri lile halikuwa jema.

Maji yapitapo bombani husuguana na kuta zake, na msuguano huo hula nguvu ambayo maji yameipata kwa kuteremka kilimani. Kiasi kile kile cha maji kikipitishwa katika bomba lenye nusu ya upana, nguvu ipoteayo huzidi kama mara 30. Basi asubuhi, wote wafunguapo mifereji kwa pamoja, aliye jirani na tangi atajaza ndoo zake, na mjane akaaye mwisho wa njia atasikia upepo tu. Naye ametoa mchango sawa na wetu.

Walakini, kununua bomba pana kila mahali ni kufuja mali. Kipande kitokacho tangini, kipitishacho maji ya watu wote, na kiwe kipana kuliko vyote. Kisha bomba lipunguzwe hatua kwa hatua kadiri nyumba zilizo mbele zinavyopungua. Penye mteremko mkali, bomba jembamba zaidi laweza kutosha. Mteremko ni mali: maji ya Mzima, yaliyofikishwa Mombasa mwaka 1957, husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa mteremko.

Tena, ncha za njia mbili zikiunganishwa kuwa mzunguko, kipande kimoja kikipasuka maji hufika kwa upande wa pili. Mzunguko huongeza gharama, na hesabu yake ni ngumu, kwa kuwa maji hujigawa yenyewe. Mhandisi Hardy Cross wa Marekani alieleza namna ya kuikokotoa mwaka 1936, na siku hizi kompyuta huimaliza upesi.

Kwa hiyo twawaomba, Wazee wetu, fedha zisitolewe kabla ya kila kipande kupimwa urefu na mteremko wake, na hesabu ianzie nyumba ya mwisho. Maji yakifika huko kwa nguvu ya kutosha, sisi tulio karibu na tangi hatutakosa. Chama kilichoundwa kwa ajili ya wote hakiwezi kunywesha nusu ya wanachama wake.