Magugu Si Hati ya Kumnyang'anya Mtu Shamba

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Kigera, Musoma



Nimeombwa kuzungumzia haki na amani, nami nimechagua kuzungumzia palizi. Huenda wengine mtaona nimeishusha mada. Lakini migogoro mingi ya ardhi haianzii barazani. Huanzia kwenye bustani iliyoota majani, na kwenye neno la mpita njia.

Mpita njia huyo nimewahi kuwa mimi. Msimu mzima nilipita kando ya bustani ya mama mmoja, huku upande wa ziwani. Palipokuwa na matuta ya nyanya na mchicha palijaa ndago na kongwe, na vishona nguo vilifika kiunoni. Nikasema mbele za watu, "Huyu mama siku hizi amekuwa mvivu." Kumbe alikuwa akimwuguza mumewe usiku na mchana. Mume alipofariki, ndugu wa marehemu walikuja, wakalitazama lile pori, wakasema, "Shamba limetelekezwa, tulichukue." Neno langu la uvivu lilikuwa limewatangulia.

Ndugu zangu, magugu ni dalili, nayo dalili huulizwa kabla ya kuhukumiwa. Bustani ikifunikwa na majani, huenda ndani ya nyumba kuna mgonjwa, uzee au msiba, au hakuna hata jembe. Kiongozi wa jumuiya aliyeona pori na asibishe hodi hajatimiza wajibu wake.

Sheria nayo haiko upande wa mwenye haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Ardhi ya kijiji haihesabiwi kuwa imetelekezwa kwa sababu ya msimu mmoja wa magugu, kwani sheria inataja muda usiopungua miaka mitano. Hata hapo, Halmashauri ya Kijiji hutakiwa kutoa tangazo ili mwenye haki ajieleze. Penye ugomvi, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kwa ajili ya usuluhishi. Ndugu wa mume hawana mamlaka ya kujitangazia wenyewe kwamba shamba halina mwenyewe.

Baada ya kumwomba yule mama radhi, tulikwenda na majembe, watu wa jumuiya yake. Vijana walitaka kufyeka vyote. Bibi mmoja akawazuia. Chini ya yale majani mlikuwa na mgagani na mnafu vilivyojiotea, mboga ya kutosha siku kadhaa. Tukajifunza kumtanguliza anayeijua bustani kabla ya mwenye nguvu.

Kisha akatufundisha kila gugu na dawa yake. Ndago ukiifyeka unaipunguza urefu tu, maana uhai wake umo katika vinundu vilivyozikwa ardhini. Huchimbuliwa kwa uma, na vinundu vikaokotwa. Kongwe likikatwa na kuachwa juu ya udongo wenye unyevu, vipande huota mizizi upya, kwa hiyo hutolewa nje na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Kishona nguo hung'olewa kabla hakijakomaza mbegu. Kikishakomaa, usikitie kwenye mboji, maana utakuwa unaipanda mwenyewe mwakani. Mwisho tukatandaza majani makavu yasiyo na mbegu kati ya matuta, ili kuzuia jua lisiamshe mbegu zilizolala na kuhifadhi maji ya mvua za vuli.

Majuma machache baadaye ndago ilichipua tena. Hatukushangaa, kwa kuwa bibi alikuwa ametuonya. Tulikuwa tumekwisha kupanga zamu, kila nyumba na siku yake, mpaka mboga zilipoweza kuufunika udongo. Mmoja wa wale ndugu wa marehemu alikuja siku ya pili ya zamu. Hakusema neno juu ya shamba. Aliomba jembe, akapewa.

Wako wanaouliza kama mfano wa Bwana wetu wa ngano na magugu haukatazi kung'oa. Mfano ule unahusu hukumu juu ya watu. Kuhusu watu tunafundishwa uvumilivu, kwa sababu macho yetu hukosea, kama yangu yalivyokosea. Lakini magugu ya bustani hayangoji, nayo yanatutaka tuharakishe. Kosa letu ni kuvumilia magugu na kuharakisha kumhukumu mtu.

Kwa hiyo naomba kila jumuiya irudi nyumbani na azimio moja: mwezi huu tuitambue bustani moja iliyoelemewa, tubishe hodi, tuulize, na tukikaribishwa twende na jembe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni bustani ya nani katika eneo letu imefunikwa na magugu, nasi tumesema nini juu ya mwenyewe?

2. Je, wajane wetu wanazifahamu haki zao za ardhi? Nani atawaeleza?

3. Tutapanga zamu gani ili palizi isiwe ya siku moja tu?